Gitaa la Kazi Gani?

Ukisimama mbele ya ukuta wa magitaa katika duka la vyombo Kariakoo, swali la kwanza la muuzaji ni una shilingi ngapi, na la pili ni unataka rangi gani. Swali ambalo lingekuokolea fedha haliulizwi: unakwenda kupiga muziki gani, pamoja na nani, na sauti yako itatokea kwenye spika gani? Mpiga rizimu wa bendi ya dansi yenye magitaa matatu, kijana wa kwaya anayekaa pembeni ya kinanda, na shabiki wa roki anayejifunza chumbani kwake hawana haja moja. Wote watatu wakichukua lile jekundu linalong'aa, wawili watalirudisha sokoni kwa bei ya hasara.

Nawaandikia walio na fedha ya gitaa moja la umeme, si matatu, na msimamo wangu nautoa mapema: jua kwanza nafasi utakayoikalia kwenye bendi, tafuta pikapu inayofaa nafasi hiyo, na jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa liwe la mwisho. Wengi wetu tumezoea kuifuata njia hii kinyumenyume.

Ukumbini, besi na dramu kubwa ya mguu zimekalia sauti za chini. Waimbaji, kinanda na tarumbeta wanabanana katikati, na matoazi yako juu kabisa. Gitaa likija na sauti nene iliyojaa chini na katikati, linakuwa abiria wa tano kwenye kiti cha watu wanne: atakaa, lakini wote watakaa vibaya. Ndiyo maana gitaa linalopendeza dukani, likipigwa peke yake, mara nyingi hupotea jukwaani, na lile lililosikika jembamba na kali kidogo ndilo linalopenya hadi mlangoni. Ukilijaribu gitaa dukani bila kulifikiria hili, sikio lako litakudanganya kila mara kwa upande wa unene.

Wazee wa rumba waliielewa hesabu hii mapema. Bendi za Kongo, na za kwetu zilizojifunza kwao, hazikuwa na magitaa matatu yanayofanya kazi moja. Solo lilikaa juu, rizimu likashika mwendo, na katikati pakawa na second solo, ambalo Wakongo huliita mi-solo. Wakongo hao hao waliongeza ujanja wa mi-composé: uzi wa nne, yaani re, unatolewa, na badala yake unafungwa uzi mwembamba wa kwanza unaokazwa hadi re ya oktava ya juu. Vidole vinashika pale pale vilipozoea, lakini gitaa linatoa mmeto ambao haugongani na jirani yake. Kama wewe ni mpiga second solo na unahisi gitaa lako halisikiki, jaribu uzi huo kabla hujafikiria kununua gitaa jingine. Gharama yake ni uzi mmoja. Angalia mambo mawili tu: mfereji uzi unamopita karibu na kichwa ulichongwa kwa uzi mnene, kwa hiyo uzi mwembamba unaweza kuchezacheza humo na kukereza, na kile kitako kidogo kinachobeba uzi huo kwenye daraja kitahitaji kusogezwa mbele kidogo, kuelekea shingo, ili noti za juu zisitoke nje ya ufunguo.

Tuje kwenye pikapu zenyewe, vile visanduku vilivyo chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku na waya wa shaba wenye unene wa takriban milimita 0.06, uliozungushwa maelfu ya mara kufanya koili. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku unauvuruga uga wake, na mvurugiko huo unazaa umeme mdogo ndani ya koili. Umeme huo ndio unaosafiri kwenye waya hadi kwenye amplifaya. Ina maana pikapu haisikii hewa wala mbao kama maikrofoni inavyosikia; inahisi chuma kinachotembea. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazitoi kitu juu ya pikapu ya namna hii. Ndiyo sababu pia nakushauri usiupe mjadala wa mbao uzito mkubwa. Mbao zina mchango wake, katika uzito wa gitaa, katika muda ambao noti inadumu, katika raha ya mkono. Lakini katika magitaa ya bei ya kawaida, tofauti ya sauti utakayoisikia kati ya pikapu mbili ni kubwa kuliko ile utakayoisikia kati ya aina mbili za mbao. 

Jambo moja la kushika kuhusu koili: mizunguko ikizidi, pikapu inatoa umeme mwingi zaidi, lakini sauti zake za juu kabisa zinapungua. Muuzaji akikuambia pikapu hii ni "kali zaidi," anachosema ni kwamba ina nguvu zaidi. Nguvu hiyo inamfaa anayetaka amplifaya iungurume na kukwaruza. Anayetaka kila uzi usikike peke yake, kama mpiga rizimu wa dansi, nguvu hiyo anailipa kwa kupoteza ule ung'avu anaouhitaji.

Aina kubwa ni mbili, na ya tatu inakaa katikati yao.

Ya kwanza ni pikapu ya koili moja. Leo Fender wa California aliiweka kwenye gitaa lililotoka mwaka 1950 kwa jina la Broadcaster, likaitwa Telecaster kuanzia 1951, kisha kwenye Stratocaster ya 1954. Sauti yake ni safi, ina ncha, na ukipiga kodi ya nyuzi sita unaweza kuzihesabu. Udhaifu wake ni mngurumo. Koili inayonasa mtikisiko wa uzi inanasa pia umeme unaozagaa ukumbini: transfoma, taa za kupunguza mwanga, waya zilizopita ukutani. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na huo ndio mlio unaousikia chini ya muziki. Ukitaka kujua tatizo limetoka wapi, washa amplifaya, shika gitaa kama unavyolipiga, kisha geuka polepole mahali ulipo mpaka umalize duara. Mngurumo ukipanda na kushuka unavyogeuka, ni koili inanasa mazingira, na mara nyingi utapata pembe moja ambapo unakaribia kuisha. Wapigaji wengi hupanga namna ya kusimama jukwaani kwa kipimo hicho.

Ya pili ni hambaka. Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, aliibuni mwaka 1955 na ikaanza kuwekwa kwenye magitaa mwaka 1957. Ni koili mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, moja imezungushwa kinyume cha nyingine na sumaku yake imegeuzwa. Umeme wa uchafu unaingia kwenye koili zote mbili na kujifuta wenyewe, ila ule unaotoka kwenye uzi unajumlishwa. Matokeo ni ukimya kati ya noti, nguvu zaidi, na sauti nene iliyolainika juu. Les Paul, SG na ES-335 zimejengwa juu ya pikapu hii.

Ya katikati ni P-90, ambayo Gibson walikuwa nayo tangu 1946. Ni koili moja pana, na mngurumo inao, lakini ina kifua kuliko ya Fender na makali kuliko hambaka. Bob Marley alipiga Les Paul Special yenye P-90, na kwa rizimu ya rege, ule mkato mfupi unaoanguka kati ya mapigo, ni chaguo ambalo halijapitwa na wakati.

Mahali pikapu ilipo ni muhimu sawa na aina yake. Karibu na daraja uzi hauchezi sana, na sauti inatoka kali na kavu. Karibu na shingo uzi unapepea kwa upana, na sauti inatoka ya mviringo, tamu, yenye kiza. Gitaa lenye pikapu mbili au tatu linakupa uwezo wa kuziunganisha, na hapo ndipo wapigaji wa kwetu wanapopata sauti yao. Stratocaster za mwanzo zilikuwa na swichi ya vituo vitatu tu, kila kituo pikapu moja. Wapigaji wakagundua kwamba swichi ikikwamishwa katikati ya vituo viwili, pikapu mbili zinafanya kazi pamoja na kutoa sauti ya uwazi, iliyobonyea katikati kidogo, inayometa. Kiwanda kiliwafuata nyuma: mwaka 1977 kikaanza kuweka swichi ya vituo vitano. Vituo vya pili na vya nne vya swichi hiyo ndivyo ningemwambia mpiga rizimu wa dansi avisikilize kabla ya kitu kingine chochote dukani, kwa sababu sauti iliyobonyea katikati inawaachia waimbaji nafasi. Nile Rodgers wa bendi ya Chic alijenga jina lake lote kwa kupiga rizimu kwenye Stratocaster. Muziki ni mwingine, kazi ni ile ile. Tena, katika magitaa mengi ya siku hizi pikapu ya kati imegeuzwa makusudi, na vituo hivyo viwili vinakuwa kimya karibu sawa na hambaka.

Basi kwa rizimu ya dansi na rumba, chukua gitaa la pikapu tatu za koili moja, au Telecaster kama unapenda gitaa lisilo na mengi ya kuharibika. Kwa solo ya chemko au sebene, pale vidole vinapokwenda mbio na kila noti inatakiwa ianguke mahali pake, msikilize Diblo Dibala, mpiga solo wa Kongo, kisha jiulize kama sauti nene ingeweza kufanya kazi hiyo. Sauti yake ni ng'avu, safi, na ina mwangwi kidogo wa pedali. Daraja na kati zikiunganishwa zinakufikisha huko. Lakini rumba ya zamani, ile ya taratibu, solo lake linaimba zaidi kuliko kukimbia. Ukimpenda Nico Kasanda wa Kongo, au Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, usiogope hambaka ya nguvu ndogo upande wa shingo, wala gitaa la tumbo wazi.

Benga ni habari nyingine. Ule mtindo wa magitaa mawili yanayofuatana kwa mistari ya kurukaruka umechukua mengi kwenye nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo, na nyatiti haina unene wa kuiga. Mzee Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kuitikisa Kenya na Shirati Jazz, aliuacha mfano wa kutosha: gitaa linapiga juu, besi inatembea bila kupumzika chini yake, na katikati ni sauti ya mwimbaji. Pikapu ya koili moja upande wa daraja, toni ikipunguzwa kidogo isichome masikio, inatosha. Hapa ningekataa hambaka kabisa.

Kanisani hali ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Kinanda ndiye mfalme, na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unapiga besi hata kama mpiga besi yupo. Kwaya imejaza katikati. Umeme wa jengo umeunganishwa na mafundi watano kwa nyakati tofauti, na projekta, feni na taa vyote viko kwenye laini moja. Muziki unakutaka na koili moja, jengo linakutaka na hambaka. Ushauri wangu kwa mpiga gitaa wa kanisani ni gitaa la mchanganyiko: hambaka upande wa daraja, na pikapu mbili za koili moja, ya kati na ya shingoni. Yamaha Pacifica 112 ni mfano unaopatikana kwa bei isiyoumiza, na si peke yake. Njia nyingine ni pikapu zisizonguruma zenye umbo la koili moja, ambazo ndani yake koili mbili zimepandishwa moja juu ya nyingine. Zinapoteza umeto kidogo. Katika jengo lenye umeme mbaya, ningeupoteza bila majuto.

Mngurumo ukitulia unaposhika nyuzi, hilo ni la kawaida. Lakini ukihisi mwasho wa umeme midomo ikigusa maikrofoni wakati mkono uko kwenye nyuzi, weka gitaa chini na usilipige tena mpaka waya wa ethi wa vyombo uangaliwe. Mwaka 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Uskoti, alikufa jukwaani mjini Swansea baada ya kugusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi.

Wapiga roki na metali nitawapitia haraka, kwa sababu kazi yao imenyooka: hambaka, hasa upande wa daraja, yenye mizunguko mingi au sumaku ya seramiki, na kama unashusha nyuzi chini ya ufunguo wa kawaida, gitaa lenye urefu wa uzi wa inchi 25.5, toka mfereji wa kichwani hadi darajani, linakusaidia nyuzi zisilegee kuliko lile la Gibson la inchi 24.75. Wa jazi wanajijua: gitaa la tumbo wazi, hambaka ya shingoni, nyuzi nene, toni imepunguzwa. Waangalie tu kwamba tumbo wazi likikaa karibu na spika kubwa linapiga mluzi. ES-335 ya 1958 ilitatua nusu ya tatizo hilo kwa kipande cha mbao kilichojazwa katikati ya tumbo, na gitaa la B.B. King lililotoka 1980 likaenda mbali zaidi kwa kuziba kabisa matundu ya juu.

Kuna kitu ambacho vitabu vya gitaa vilivyoandikwa ugenini havikisemi, na kwetu ni cha msingi. Kumbi nyingi hazina amplifaya ya gitaa. Fundi mitambo anakupa waya, unachomeka, na waya unaingia moja kwa moja kwenye mikisa. Ukifanya hivyo na gitaa lenye pikapu za kawaida, sauti inatoka imekufa, imefunikwa na blanketi, na lawama zinaangukia gitaa. Tatizo ni kwamba pikapu ni chanzo dhaifu kinachotaka mlango wenye ukinzani mkubwa, kiasi cha omu milioni moja, wakati mlango wa kawaida wa mikisa una elfu chache au makumi ya maelfu tu. Mlango huo unazimeza sauti za juu kabla hazijafika popote. Kiboksi cha DI chenye umeme wake, au pedali inayoigiza amplifaya, kinamaliza tatizo. Kama fedha yako inatosha gitaa zuri peke yake, au gitaa la kati pamoja na kiboksi hicho, chukua la pili bila kusitasita. Waya mrefu nao unafanya uharibifu wa aina hiyo hiyo kwa kiasi kidogo: mita kumi za waya hafifu zinatosha kuipunguzia koili moja ung'avu wake.

Uzito pia. Bendi ya dansi inaanza saa tatu usiku na wakati mwingine inamaliza saa tisa. Les Paul nyingi zina kilo nne na zaidi. Stratocaster nyingi zinakaa karibu na tatu na nusu. Tofauti hiyo huihisi dukani ukiwa umekaa kwenye kiti. Simama, vaa mkanda, piga, ongea na muuzaji, endelea kusimama. Na kama unaishi pwani, angalia vyuma. Unyevu wa chumvi na jasho la mkono vinakula daraja na vichwa vya sumaku. Skrubu za kurekebisha zilizoanza kuota kutu dukani zitagoma zote kabla ya masika mawili. Kitambaa kikavu cha kufutia nyuzi kila baada ya onyesho ni rahisi kuliko daraja jipya.

Sasa uko dukani, au kwa mtu anayeuza lake la mkono wa pili. Tazama shingo kwa kulilaza gitaa na kuchungulia toka kichwani kuelekea daraja: inatakiwa iwe karibu imenyooka, na mbonyeo mdogo sana. Shingo iliyopinda kidogo inarekebishwa kwa fimbo ya chuma iliyo ndani yake. Iliyojikunja kwa upande, achana nayo. Pitisha kidole ukingoni mwa shingo. Freti zikikukwaruza, mbao zimesinyaa. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, sikiliza kengele yake, kisha ukandamize hapo hapo. Milio hiyo miwili inatakiwa ilingane. Isipolingana, jaribu kusogeza kitako cha uzi kwenye daraja kwa bisibisi. Kikiwa kimefika mwisho wa njia yake na bado noti haikai, hilo gitaa lina kasoro ya kuzaliwa.

Kisha zijaribu pikapu. Gonga kila moja taratibu kwa ncha ya bisibisi ndogo, ukibadilisha swichi, ili ujue kila kituo kinawasha nini. Vizungusho vikikwaruza, ni vumbi, na si sababu ya kuacha kununua. Ni sababu ya kupunguziwa bei.

Ukiwa na mita ya fundi umeme unaweza kujua zaidi bila kufungua skrubu hata moja. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua sauti na toni hadi mwisho, weka swichi kwenye pikapu moja, kisha gusisha ncha mbili za mita kwenye jeki iliyobaki mkononi: moja kwenye ncha, nyingine kwenye shina. Pikapu ya koili moja ya mtindo wa Stratocaster inasoma kilo-omu 5.5 hadi 7 hivi. Hambaka ya mtindo wa kale inasoma 7 hadi 9. Ukiona 12 hadi 16, umeshika pikapu iliyotengenezwa kwa ajili ya mkwaruzo, hata kama muuzaji anasema ni ya rumba. Unganisha mbili za koili moja na namba itashuka karibu nusu. Hiyo ni sawa. Lakini ukisoma 250 au 500, koili imekatika ndani, na unachokipima ni kizungusho cha sauti peke yake. Wauzaji hawapendi kipimo hiki. Kifanye huku ukitabasamu.

Kuhusu majina. Squier ni ya Fender, Epiphone ni ya Gibson, na magitaa yao ya kati ni ya kuaminika. Gitaa lenye jina la Gibson kwa bei ya Epiphone ni la bandia karibu kila mara. Angalia kifuniko kidogo kilicho kichwani juu ya tundu la fimbo ya shingo: cha Gibson halisi kina skrubu mbili, na cha bandia nyingi kina tatu. Si kwamba gitaa bandia halipigiki. Mengine yanapigika. Lipimie bei kama gitaa lisilo na jina, na usije ukamuuzia mwenzako kwa jina ambalo wewe hukulilipia.

Baada ya miezi kadhaa utaanza kuwaza kubadilisha pikapu. Ngoja kwanza. Weka nyuzi mpya, mpe fundi gitaa alirekebishe, kisha shika bisibisi uzipandishe na kuzishusha pikapu ulizonazo. Kandamiza uzi kwenye freti ya mwisho na upime nafasi kati ya uzi na kichwa cha sumaku: milimita mbili hadi mbili na nusu ni mwanzo mzuri kwa koili moja. Ikikaribia sana, sumaku inauvuta uzi mnene, na noti za juu zinatoka kama zina sauti mbili zinazogombana. Watu wameuza magitaa mazima kwa ugonjwa huo, ambao dawa yake ni mizunguko mitatu ya skrubu. Ukizishusha zaidi kidogo kuliko maelekezo yanavyosema, unapoteza nguvu lakini unapata uwazi, na kwa rizimu mimi huwa naona ni biashara nzuri.

Ikiwa bado hujaridhika, nunua pikapu kwa jina la kazi, si kwa sifa. Seymour Duncan na DiMarzio wana aina tele, na karatasi zao zinaeleza nguvu na ukinzani. Pima umbali kati ya uzi wa kwanza na wa sita juu ya pikapu kabla ya kuagiza hambaka, maana za daraja la Fender ni pana kidogo kuliko za Gibson. Ukihama kutoka koili moja kwenda hambaka, badilisha na vizungusho pia, kutoka kilo-omu 250 kwenda 500, la sivyo sauti itatoka imezibwa. Usidanganyike sana na swichi ya kuigawa hambaka iwe koili moja. Inatoa sauti nyembamba, inasaidia mara moja moja, lakini haikupi Stratocaster.

Fundi wa redio anayejua kulehemu vizuri anaweza kukufanyia kazi hii, hata kama hajawahi kushika gitaa. Piga picha za waya kabla hajagusa kitu, na umpe karatasi ya rangi iliyokuja na pikapu, kwa kuwa kila kampuni ina mpangilio wake wa rangi na mwekundu wa huku si mwekundu wa kule. Zile ulizozitoa zifunge na uandike juu yake namba ulizosoma kwenye mita. Siku ukiliuza gitaa utazirudisha ndani na kubaki na zako mpya.